Namna ya kutengeneza kichocheo cha nikeli na chuma cha kuvunja maji upate haidrojeni, na kujua kama namba zako ni za kweli

Hii ni kwa yeyote aliyeko chuo, au hata mwalimu wa kemia mwenye kamaabara kake, anayetaka kutengeneza kichocheo cha kuvunja maji kwa mkono wake badala ya kuishia kusoma tu. Ntaeleza kimoja, nikeli na chuma juu ya sponji ya nikeli (shiti ya nikeli yenye matundu matundu), kwasababu hicho nakijua vizuri na malighafi zake sio za bei ya kutisha, halafu kwa upande wa kutoa oksijeni kwenye maji ya besi (kinyume cha asidi) hicho ni moja ya vichocheo bora kabisa vilivyopo. Kukitengeneza chenyewe ni dakika tano tu za umeme. Kazi ipo kwenye kupima, hapo ndo wengi tunajidanganya bila kujua, kwahiyo sehemu kubwa ya maelezo itakuwa huko.

Kwanza kwanini tunahangaika. Kwa hesabu ya kwenye karatasi maji yanavunjika kwa volti 1.23 kwenye joto la nyuzi 25, lakini chovya elektrodi mbili za kawaida (vipande vya kupitishia umeme majini) uweke hiyo 1.23 uone, hutapata hata povu. Inabidi uongeze, na hiyo nyongeza tunaiita volti ya ziada, ndo inayokula umeme bila kukupa chochote. Kilo moja ya haidrojeni ina nishati kama yuniti 33 za umeme (yuniti zile zile unazonunua nyumbani) ila mashine zilizopo zinakula 50 hadi 55 kuitengeneza. Kichocheo kizuri kinapunguza hiyo tofauti. Upande mgumu ni wa oksijeni, kwasababu ili itoke molekuli moja ya oksijeni lazima elektroni nne zihame kwa hatua hatua, wakati haidrojeni inahitaji mbili tu. Kwenye asidi kinachohimili upande huo ni iridiamu, na dunia nzima inachimba tani chache tu kwa mwaka, nyingi zikitoka Afrika Kusini. Kwenye besi ndo tunapona, nikeli na chuma vinatosha, na hivyo viko hadi chini ya miguu yetu, nikeli ipo Kabanga kule Ngara na chuma kipo Liganga kule Ludewa, Tanzania.

Vichocheo hivi vinaitwa vya nano, yani vimeundwa kwa vipande vya kupimwa kwa nanomita (nanomita ni milimita igawanywe kwa milioni). Sasa nano inaingiaje hapo? Kinachofanya kazi ni uso wa kichocheo, sio tumbo lake. Ukiwa na bonge la nikeli, atomu karibu zote zimejificha ndani hazigusi maji. Ukitengeneza vijikaratasi vyembamba vya unene wa nanomita chache, vimesimama wima kama magamba juu ya sponji, atomu nyingi zinakuwa nje, ioni zinapita katikati yake na povu linapata pa kutokea. Hilo la povu watu wanalidharau, ila umeme ukiwa mkubwa povu likinata linafunika kichocheo na volti inapanda ghafla.

Kabla hujagusa chochote, usalama, na hapa naomba tusikilizane. Potasiamu haidroksaidi ikiingia jichoni inaweza kukupofua, miwani ya maabara ni lazima, sio ya jua wala ya kusomea. Chumvi za nikeli zinahusishwa na saratani na mzio wa ngozi, vaa glavu na usikaushe unga wake ukaupuliza hewani. Haidrojeni inawaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 kwenye hewa na cheche ndogo sana inatosha, kwahiyo fungua madirisha, usikusanye gesi mbili kwenye chupa moja, na usiwashe njiti "kujaribu". Halafu wale wanaotumia chumvi ya mezani ili maji yapitishe umeme, acheni, upande wa chanya unatoa klorini. Na wale wa vijiko vya stenlesi upande wa chanya, kuna kromiamu mle ndani, ikitoka kwa umeme inageuka ile aina yenye sumu kali, ukiona maji yanakuwa ya manjano ujue ndo hiyo.

Vitu unavyohitaji: sponji ya nikeli (inauzwa shiti kubwa unakata mwenyewe), nitreti ya nikeli, nitreti ya chuma, potasiamu haidroksaidi, haidrokloriki asidi, asetoni, na maji safi yasiyo na madini. Ukikosa mashine ya kusafishia maji, maji ya betri yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke wake yanafaa kuanzia, ila soma chupa vizuri maana madukani jina hilo hilo la maji ya betri wanaiita na asidi. Upande wa umeme, ukipata potenshostati (mashine inayoshikilia volti unayotaka na kupima umeme unaopita) vizuri sana, ukikosa tumia pawa saplai ya kurekebishika na multimita mbili.

Kata sponji vipande vya sentimita 1 kwa 3. Juu ya chembe zake kuna oksaidi na mafuta ya kiwandani, hayo lazima yatoke. Zamisha kwenye asetoni dakika 10, suuza, kisha kwenye asidi ya mola 3 kama dakika 10 hadi 15 (chukua maji vipimo vitatu, ongeza asidi kali ya asilimia 37 kipimo kimoja, asidi ndo inaingia kwenye maji, sio kinyume). Ukiwa na mashine ya kutikisa kwa mawimbi ya sauti weka humo. Suuza na maji safi mara nyingi, mara ya mwisho na spiriti, na uitumie siku hiyo hiyo, ikilala kesho yake oksaidi imesharudi.

Sasa jambo dogo linaloharibu kazi za watu wengi. Sponji inanyonya maji kwenda juu kama utambi wa kibatari unavyonyonya mafuta ya taa. Wewe umechovya sentimita moja ukaandika eneo ni sentimita mraba moja, kumbe maji yameshapanda mpaka kwenye klipu na eneo linalofanya kazi ni mara mbili ya ulichoandika, umeme unatoka mwingi unashangilia. Ziba sehemu ya juu na gundi ya epoksi, acha sentimita 1 kwa 1 tu chini ikiwa wazi, subiri ikauke kabisa. Mi nilipoteza kama miezi miwili na data nzuri sana ambayo yote ilikuwa ni utambi, ikabidi nirudie kila kitu, kwahiyo naomba usipite hapa kwa haraka.

Mchanganyiko wa kuotesha tabaka la kichocheo juu ya sponji: kwenye mililita 100 za maji weka nitreti ya nikeli yenye maji sita gramu 0.087 na nitreti ya chuma yenye maji tisa gramu 0.121, hapo kila moja inakuwa milimola 3 kwa lita. Ni kidogo sana, kama mizani yako haisomi chini ya miligramu basi tengeneza mchanganyiko mzito mara mia halafu uuzimue. Utumie ukiwa mpya. Chuma kikikaa majini kinaanza kushuka chini kama kutu, ukiona rangi imekolea na kuna vumbi la kahawia chini mwaga kwenye chombo cha taka, tengeneza mwingine. Hizi kiasi ndo walizotumia watafiti Lu na Zhao wa Australia kwenye kazi yao ya 2015, na uzuri wake ni kwamba hamna oveni wala jiko la presha, umeme tu.

Ukiwa na potenshostati, weka sponji iwe upande hasi kwa volti hasi 1.0 ukilinganisha na elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha (hiyo ni elektrodi ya rejea, ya kulinganishia volti tu), sekunde 300, umemaliza. Ukiwa na pawa saplai tu, sponji iunge hasi na kijiti cha grafaiti chanya, anza na miliampea 5 hadi 10 kwa dakika hizo hizo tano, halafu jaribu muda tofauti uone upi unakupa matokeo mazuri. Vile vijiti vyeusi vya kaboni ndani ya betri kavu za redio vinaweza kukusaidia kwenye hatua hii, visugue na kuvichemsha kwanza, ila kwenye kupima nunua grafaiti safi.

Kinachotokea pale ni kitamu kukielewa. Nikeli na chuma havigeuki kuwa metali. Umeme unavunja nitreti, na katika kuvunjika kwake inatoa haidroksaidi pale pale kwenye uso wa sponji, kwahiyo maji yaliyo karibu kabisa na sponji yanakuwa besi wakati bika nzima bado iko upande wa asidi. Nikeli na chuma vikifika hapo vinaganda kama haidroksaidi, tabaka kwa tabaka, ndo vile vijikaratasi. Ndio maana ukikoroga kwa nguvu unaondoa ile besi na hakioti kitu. Ukimaliza sponji itakuwa imetoka kwenye rangi ya fedha kwenda manjano ya kahawia. Suuza taratibu, iache ikauke kwenye hewa. Ikibanduka ukiigusa, umeotesha nene mno au hukusafisha.

Kama una rafiki mwenye mikroskopu ya elektroni mwombe akupigie picha, utaona magamba yenyewe. Ila ukipeleka kwenye eksirei ya fuwele (inayoonesha atomu zimepangwaje) usishtuke ukiona vilele vikubwa vitatu tu karibu na nyuzi 44.5, 51.8 na 76.4 (kwa mashine ambayo eksirei zake zinatoka kwenye shaba), hiyo ni nikeli ya sponji, tabaka lako ni jembamba linafunikwa. Likwangue kidogo au uoteshe juu ya kaboni ndo utaliona.

Haya, kupima.

Maji ya kupimia ni potasiamu haidroksaidi mola 1. Vipande vyake kwa kawaida ni asilimia 85 hivi, kilichobaki kikiwa ni maji zaidi, kwahiyo kwa nusu lita pima gramu 33 na sio 28. Weka taratibu kwenye maji, inapata moto sana. Tumia chombo cha plastiki ngumu cha polipropilini au teflon, sio kioo, besi kali inakula kioo na inatoa uchafu, na kati ya uchafu huo kuna chuma.

Hapa ndo kiini chenyewe. Mwaka 1987 mtafiti Dennis Corrigan alionesha kwamba chuma kidogo sana kikiwa kwenye maji kinabadilisha kabisa nikeli inavyotoa oksijeni. Baadaye, 2014, kundi la Shannon Boettcher chuo cha Oregon wakasafisha besi mpaka chuma kikaisha, wakakuta nikeli peke yake ni kichocheo dhaifu, yani sifa nyingi tulizokuwa tunaipa nikeli miaka yote zilikuwa za chuma kilichojificha kwenye besi ya dukani. Maana yake kwako ni hii, ukitengeneza kitu cha nikeli ukakipima kwenye besi ya kawaida, kila saa inayopita kinakuwa bora zaidi kwasababu kinaokota chuma majini, na wewe unaandika kwamba ni muundo wako wa nano. Namna ya kusafisha: chukua haidroksaidi ya nikeli safi uliyoigandisha mwenyewe, itikise ndani ya besi yako masaa kadhaa, inanyonya chuma chote, iache itulie halafu chukua maji ya juu. Kwa kichocheo chetu chenye chuma tayari sio lazima sana, ila kwa vipimo vya kulinganisha ni lazima.

Vya kulinganisha ni vitatu, usikubali kuendelea bila hivyo: sponji tupu iliyosafishwa, sponji yenye nikeli peke yake, na yenye nikeli na chuma. Kila kimoja tengeneza angalau mara tatu, tofauti kabisa, sio kupima kimoja mara tatu.

Elektrodi ya rejea, ile ya fedha haidumu kwenye besi kali, tafuta ya zebaki na oksaidi ya zebaki. Kugeuza volti uliyosoma kwenda kipimo cha haidrojeni (ambacho watu wote wanalinganishia, na volti ya ziada ni kile kinachozidi 1.23 hapo) unaongeza 0.098 na 0.059 mara pH. Ukichukua pH 14 unaongeza kama 0.92. Ila angalia, ukiandika 13.7 badala ya 14 namba yako inasogea karibu milivolti 18, na kuna watu wanashindana kwa milivolti 10! Kwahiyo ukiweza ipime rejea yako yenyewe kwa waya wa platinamu kwenye besi ile ile huku ukipitisha haidrojeni, uone inasoma ngapi kweli.

Anza kwa kuzungusha volti kwenda na kurudi mara 20 hivi mpaka mstari wa grafu ya umeme na volti utulie. Utaona kichocheo kinageuka cheusi kikiwa chanya na kinafifia ukirudisha, hiyo ni nikeli inabadili hali, ni dalili nzuri. Lakini hiyo nikeli inapobadilika yenyewe inatoa umeme, kilele chake kiko karibu na volti 1.35 hadi 1.45 kwenye kipimo cha haidrojeni na chuma kinakisukuma mbele, kwahiyo ukisoma miliampea 10 ukiwa unapanda unaweza kuwa unasoma nikeli, oksijeni hata haijaanza. Nimeona jamaa anatangaza volti ya ziada ya milivolti 150 na alichosoma kilikuwa hicho kilele. Soma wakati wa kushuka, au vizuri zaidi shikilia miliampea 10 kwa kila sentimita mraba dakika 10 au zaidi uone volti inatulia wapi. Ukipata volti ya ziada kati ya milivolti 200 na 250 kazi yako ni nzuri. Ukipata chini sana ya hapo rudi uangalie utambi, kilele na rejea kabla hujafurahi.

Kuna na upinzani wa maji na waya. Kama ni omu 2, kwenye miliampea 10 unapoteza milivolti 20, kwenye miliampea 100 unapoteza 200. Unaruhusiwa kuutoa kwenye hesabu ila sema umeutoa na kwa kiasi gani, maana ukitoa zaidi ya upinzani uliopo mstari unapinda kurudi nyuma na kichocheo kinaonekana cha miujiza.

Sasa hakikisha ni gesi kweli. Jaza maji silinda mbili za kupimia, zigeuze juu ya elektrodi, pitisha miliampea 100 kwa nusu saa. Hiyo ni kulombi 180 (kipimo cha chaji ya umeme), gawanya kwa 2 mara 96,485 (elektroni mbili kwa kila molekuli, na mola moja ya elektroni ni kulombi 96,485) unapata mola 0.00093 za haidrojeni. Ukiwa Dar kwenye nyuzi 25, ukihesabu na mvuke wa maji uliomo, utarajie kama mililita 23 na nusu za haidrojeni na nusu yake oksijeni. Ukiwa Nairobi, mita karibu 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kiasi kile kile cha gesi kinajaza kama mililita 29! Mwanafunzi wa Nairobi akitumia ile lita 24.5 kwa mola ya kwenye kitabu atapata ufanisi wa asilimia zaidi ya 120, na umeme hauwezi kukupa gesi zaidi ya ulioulipia. Tafuta presha ya hewa ya mahali ulipo, ndo uhesabu.

Upande wa haidrojeni sitauzungumza sana. Nikeli na molibdenamu ni chaguo zuri, inaoteshwa kwa umeme kwenye mchanganyiko wa salfeti ya nikeli, molibdeti ya sodiamu na sitreti, molibdenamu peke yake haitoki majini ila ikiwa na nikeli inakubali. Kitu kimoja cha kukumbuka, ukipima upande huu usitumie platinamu upande wa pili. Inayeyuka kidogo kidogo, inasafiri, inakuja kukaa juu ya kichocheo chako, na baada ya masaa unapima platinamu. Tumia grafaiti. Ukiunganisha pande zote mbili, jozi nzuri inavunja maji kwa volti 1.5 hadi 1.6 kwenye miliampea 10. Mwaka 2014 kundi la Hongjie Dai pale Stanford walifanya hivyo kwa betri moja ndogo ya AAA. Ila viwandani wanaendesha miliampea 200 hadi 400 kwa sentimita mraba, besi nzito ya asilimia 25 hadi 30, joto la nyuzi 60 hadi 90, kwahiyo jitahidi kupima na huko juu, miliampea 10 ni mwanzo tu.

Mwisho ni kuvumilia. Masaa 24 ni ya kuanzia, siku kadhaa ndo unaanza kuaminika, mashine za kiwandani zinatakiwa kwenda makumi ya maelfu ya masaa. Ongeza maji safi kila siku kufidia yaliyovunjika na kuruka, weka kifuniko chenye tundu ili gesi itoke na kaboni dayoksaidi isiingie kwa wingi, maana inageuza besi yako kuwa kaboneti. Na umeme ukikatika, usiwashe tu ukaendelea kama hakuna kilichotokea. Pale unapokatika, oksaidi iliyo upande mmoja na haidrojeni iliyobaki upande wa pili vinafanya kazi kama betri, na kama waya bado zimeunganishwa kwenye saplai umeme unaweza kurudi kinyume na kuharibu hasa elektrodi ya haidrojeni. Chomoa waya mara moja, andika saa uliyokatika na saa uliyorudi, na uiweke kwenye grafu yako wazi. Mi naona huku kwetu hicho ni kipimo chenye maana kabisa, kwasababu haidrojeni tunayoitaka itatoka kwenye jua na upepo, vitu vinavyowaka na kuzima kila siku, na kichocheo kisichohimili kukatikiwa hakitatufaa hata kiwe na volti ndogo kiasi gani.

Maji ya kuoteshea yaliyobaki usimwage sinki. Yaongezee besi mpaka nikeli na chuma vigande vyote, chuja, tope liweke kwenye chupa yenye lebo, na maji ya juu yapunguze ukali kwa asidi kidogo kidogo mpaka karatasi ya litmasi ikuambie yametulia.